Kaya Zisizo na Ng'ombe

Chwaa, chwaa, chwaa. Ufagio ulikuwa unakwaruza ua uliolowa mvua, na juu ya ufagio ikapanda sauti ya msichana, ya kuvuta, kama mtu anayesali rozari: "Jumla ya eksi, gawanya kwa eni. Jumla ya eksi, gawanya kwa eni." Specioza alikuwa bado amelala, uso kauelekeza ukutani. Aliisikiliza sauti ile mpaka ufagio ulipofika mlango wa jiko, akajiuliza swali lililomchosha tangu muhula uanze: mtu anayeijua kanuni hadi anaifagilia ua, anashindwaje kuitumia?

Mwenye sauti alikuwa Happiness, mdogo wa Enoka, mume wa Specioza. Alikuwa mwaka wa kwanza katika tawi la chuo kikuu lililofunguliwa nje kidogo ya mji wa Mpanda, na aliyemfundisha takwimu pale chuoni alikuwa Specioza huyo huyo. Nyumbani waliitana wifi. Darasani Happiness alimwita madam kama wenzake, akaketi nyuma kabisa, wala hakumtazama usoni.

"Wifi, umeamka? Chai tayari."

"Happy, hebu niambie. Eni ni nini?"

Ufagio ukanyamaza. "Ni idadi, wifi."

"Idadi ya nini?"

"Ya wale wanaogawana."

Specioza akaona limekaribia kuwa jibu, akaliacha. Mtu anayeoga kwa maji ya kuchota hana nafasi ya kubishana asubuhi.

Watoto wa darasa lile hawakuwa wajinga. Anayesema ni wajinga na aende akasome walikosomea wao: shule ambako mwalimu wa hesabu alipangiwa, akaripoti, akaiona barabara ya Mwese wakati wa mvua, akaomba uhamisho kabla hajafungua begi. Wengi waliiacha hesabu kidato cha nne na alama ya F, wakaenda kidato cha tano kusoma historia, jiografia na Kiswahili, HGK, wakiamini wameachana nayo kama mtu anavyoachana na mke mgomvi. Wenyewe walitaniana kwamba HGK maana yake Hesabu Giza Kabisa. Wakafika chuo kikuu kusomea maendeleo ya jamii, wakamkuta mke mgomvi amekaa mlangoni, kabadili jina tu, sasa anaitwa Takwimu.

Specioza alifundisha kwa Kiingereza, kama kanuni za chuo zilivyotaka. Kila baada ya kitambo aliuliza, "Nani hajaelewa?" na darasa zima likaitikia kama kwaya, "Tumeelewa, madam!" Macho yao yalisema vingine. Siku moja, Krismasi ikiwa imekaribia na kila mtu anawaza nyumbani, uvumilivu ulimwisha. Akaweka kalamu ya ubao chini, akasema kwa Kiswahili: "Haya. Kwa akina nani huwa wanachinja ng'ombe wa Krismasi?"

Mikono ikapanda hadi safu ya nyuma.

Ng'ombe huyo Specioza alikuwa amemwona mara moja tu, Krismasi yake ya kwanza ukweni, Mamba. Yeye ni binti wa mwalimu wa Sumbawanga mjini. Kwao nyama ilitoka buchani ndani ya gazeti. Kule Mamba aliona majirani wamechanga wakanunua dume moja, wakalichinja, na nyama ikapangwa juu ya majani ya mgomba, fungu kwa fungu, wanaume wawili wakipunguza hapa na kuongeza pale hadi mafungu yote yakalingana. Picha ile ilimkaa moyoni. "Basi wastani ndio ule ule," aliwaambia. "Unakusanya vyote, halafu unagawa mafungu sawa. Fungu moja ndilo wastani."

Darasa likafufuka. Walicheka, wakabishana nani hupewa utumbo. Kijana mmoja wa Katumba, Deo, akauliza kama kichwa na miguu navyo vinaingia kwenye jumla au ni vya mchinjaji, na Specioza akamwambia hilo ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa. Jioni ile alirudi nyumbani akiimba. Mshahara haukuwahi kumwimbisha.

Januari wakafanya jaribio. Swali la kwanza alilitunga liwe zawadi. Kaya kumi za kijiji kimoja, na idadi ya ng'ombe wa kila kaya. Tafuta wastani wa ng'ombe kwa kaya. Kaya saba zilikuwa na ng'ombe, tatu hazikuwa na hata mmoja. Jumla ya ng'ombe mia moja na arobaini. Ukigawa kwa kumi unapata kumi na nne. Hata mwenye usingizi angelipata.

Karatasi ya kwanza ilisema ishirini. Akaweka kosa, akaenda ya pili. Ishirini. Ya tatu ikasema kumi na nne, akapumua. Ya nne ishirini, ya tano ishirini. Akaanza kujishuku mwenyewe. Akachukua kikokotoo, akajumlisha upya kutoka chini kwenda juu, akagawa: kumi na nne. Akarudi kwenye karatasi. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamejumlisha bila kosa, halafu wakagawa kwa saba.

Mtu mmoja akikosea, amekosea. Watu wengi wakikosea kosa moja, basi mmoja amekosea na wengine wamemchungulia. Hivyo ndivyo Specioza alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyofikiri, na hasira ikampanda kama maziwa jikoni. Nimewapa zawadi, nao wakaiba! Akazitenga zile karatasi, zilizokuwa na namba za usajili bila majina, akazibeba hadi ofisi ya mkuu wa idara.

Dokta Erasmus alizipokea kama mtu aliyekuwa akizisubiri. "Makao makuu wanatusema sisi tunaokota kila aliyepita barabarani," alisema. "Sasa tutawaonyesha. Ila siwezi kupeleka nusu ya darasa kwenye kamati ya nidhamu, tutabaki na nani? Tuchukue watano wawe mfano." Akanyanyua tano za juu.

"Hao hujawachagua, Dokta. Umewaokota," alisema Specioza. Alitaka uwe utani wa mtu wa takwimu. Haukuchekwa.

Dokta Erasmus alifungua kompyuta, akaanza kutafuta namba zile ni za akina nani. Alipofika ya tatu akasita, akamtazama Specioza juu ya miwani. "Happiness huyu si ndiye anayekaa kwako?"

Specioza akaitika kwa kichwa.

"Dada, unajua watu watasema nini? Watasema jaribio limetoka chumbani kwako. Na mkataba wako unaisha Juni." Akazipanga karatasi tano zile vizuri, kingo kwa kingo. "Kamati itakaa Jumatatu. Akithibitika, ni mwaka mzima nje, na bumu la mkopo wa serikali linakatwa. Barua zitatoka leo."

Barua iliwahi kufika nyumbani kuliko yeye. Na bahati mbaya haiji peke yake: mkwewe, Bibi Lucia, alikuwa ameingia mchana kutoka Mamba na gunia la mchele, kuja kumwona bintiye msomi. Specioza alipoinama kumwamkia, mama yule aliitikia shikamoo yake bila kunyanyua macho.

Walifika nusu ya sahani, Enoka akashindwa kuvumilia. Yeye ni muuza mbolea na dawa za mimea, mtu wa utani dukani. Nyumbani leo utani haukuwepo, akamgeukia mkewe. "Nimeuza pikipiki, Mama Ezekia. Nimeuza pikipiki ili huyu mtoto aanze chuo kabla bumu halijatoka. Halafu wewe ndiye unampeleka kamati?"

"Sikujua ni yeye. Karatasi hazina majina."

"Huujui mwandiko wa mtu anayekuandikia vitu vya sokoni kila wiki?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu ni kweli. Mwandiko aliuona, ila hasira haisomi mwandiko.

Bibi Lucia akasogeza sahani yake kando. "Mwanangu wa tumboni ni mwizi?"

"Mama, sijasema mwizi."

"Umesema ameiba mtihani. Kwenu Ufipa anayeiba mnamwitaje? Mchungaji?"

Specioza akamgeukia Happiness, aliyekuwa anaupanga wali kwenye sahani bila kuula. "Happy, nieleze tu. Ulimchungulia nani?"

"Sikumchungulia mtu, wifi."

"Basi saba uliitoa wapi?"

"Ni saba."

"Kaya ni kumi!"

"Ndiyo wifi, ni kumi."

"Sasa?"

"Lakini ni saba."

Enoka akaweka kijiko chini. "Ni kumi ama ni saba?"

"Zote, kaka," Happiness alisema, na machozi yakaanza kudondoka kwenye wali.

Specioza alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alijua kuna kitu ndani ya jibu lile, lakini kila alipolishika liliteleza. "Nani alikwambia saba?" aliuliza taratibu.

Msichana alimtazama mama yake, akamtazama kaka yake, akarudisha macho kwenye sahani. "Siwezi kusema hapa."

"Ni mvulana," alisema Bibi Lucia papo hapo.

"Mama!"

"Ni mvulana. Anamficha." Kisha akamgeukia mkwewe, na sauti yake ikalainika, nayo ikawa mbaya zaidi kuliko ilipokuwa kali. "Jumatatu utawaambia ulikosea kusahihisha. Watu hukosea."

"Mama, sikukosea."

"Basi jifunze kukosea."

Kitu kimoja hakikumwachia Specioza usingizi. Kati ya watano wale alikuwemo Deo wa Katumba, na siku ya jaribio Deo aliketi mbele kabisa, chini ya pua ya msimamizi. Happiness alikuwa nyuma. Saba ilivukaje ukumbi mzima? Iliruka kama nzige? Jumamosi akapanda bodaboda, akashika njia ya Katumba bila kumuaga mtu, sketi ikirushiwa matope hadi magotini.

Alimkuta Deo kwenye bani la tumbaku, kibanda cha kukaushia majani kwa moto, anaingiza kuni. Kijana alipomwona alisimama kama aliyemwagiwa maji. Mikono yake ilikuwa imeganda utomvu mweusi wa tumbaku, hivyo badala ya kiganja akampa kifundo cha mkono. "Shikamoo, madam."

"Marahaba, Deo."

Baba yake, mzee Egide, akatokea nyuma ya nyumba, akautazama uso wa mgeni, akautazama wa mwanawe. "Mwalimu akimfuata mwanafunzi mpaka bani, kosa si dogo," alisema. "Libérate! Leta kiti. Na wewe Deo, umefanya nini huko kwa watu?"

"Sijafanya kitu, baba."

"Mtu asiyefanya kitu hapati barua yenye mhuri."

Specioza akaketi. Aliona aibu ya kijana, kusemwa mbele ya mama yake, Libérate, anayefuta kiti kwa kanga, akatamani angekuja kwa njia nyingine. "Nifanyie swali la kwanza," alisema. "Hapa chini."

Deo akaokota kijiti, akachora vibanda kumi kwenye udongo, akaandika ng'ombe wa kila kimoja; alikuwa amewakariri kama majina ya watakatifu. Akajumlisha mia moja na arobaini. Halafu, bila kusita, akavifuta kwa mguu vibanda vitatu.

"Kwa nini umevifuta?"

"Havina ng'ombe, madam."

"Lakini ni kaya."

"Ni kaya. Ila hazikuchanga."

"Hazikuchanga nini?"

Deo akamtazama baba yake, kana kwamba mwalimu ameuliza jina la jua. Mzee Egide ndiye aliyejibu. "Si nyama? Asiyechanga hana fungu, mwalimu. Hata awe ndugu yako. Utamkaribisha kwako ale, utawapa mchuzi watoto wake, lakini pale kwenye majani ya mgomba fungu lake halipo. Ukilipanga, patachimbika."

"Na nani alisema swali langu ni la nyama?"

"Wewe, madam," alisema Deo, kwa sauti ndogo, kwa hofu. "Ulisema wastani ndio ule ule. Unakusanya, unagawa mafungu sawa."

Moshi wa bani ulikuwa unawapitia. Specioza aliiona upya Krismasi yake ya Mamba. Alikuwa mgeni, bibi harusi mpya, amekalishwa kwenye mkeka mzuri. Aliona mafungu yaliyokuwepo. Hakutupa jicho pembeni kuona nani hakuja kwenye majani, nani siku ile alijifungia ndani na watoto wake akisingizia homa. Akachukua nusu ya desturi za watu akaenda kuifundishia, nao wakaipokea na nusu yake nyingine, kwa kuwa walikuwa nayo tangu utotoni.

"Kwa nini hukuuliza, Deo?"

"Ningeuliza nini, madam? Nilikuwa nimeelewa. Kwa mara ya kwanza."

Alijaribu kumweleza. Hapa hatugawi nyama, tunakipima kijiji. Na asiye na ng'ombe naye ni wa kijiji. Deo alisikiliza kwa makini, akivichora tena vile vibanda vitatu. "Kwa hiyo yule mwenye thelathini anaonekana ana kumi na nne, na asiye na hata mmoja naye anaonekana ana kumi na nne?"

"Hapana. Wastani si wa mtu yeyote. Ni..." Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa kwa Kiingereza, limo kitabuni, ukurasa anaujua, lakini lilikataa kushuka mpaka kwenye udongo ule wenye vibanda.

"Kama si wa mtu yeyote, unatusaidia nini, madam?" Hakuwa anamkejeli. Alitaka kujua.

Mzee Egide akacheka kicheko kikavu. "Wakija wakubwa huwa wanahesabu hivyo hivyo. Ndiyo maana hutuambia tumeshiba."

Specioza akaondoka Katumba anajua mambo mawili zaidi ya alivyojua asubuhi, na ameelewa pungufu.

Jumapili walipotoka kanisani simu ikaita. Dokta Erasmus alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Nimefikiri, dada. Tukimpeleka wa kwako, jaribio litaonekana limevuja kutoka ndani ya idara. Mtoe. Sema namba zilichanganywa. Wanne wanatosha kuwa mfano." Simu ya Specioza ilikuwa ya sauti kubwa, na sebule ilikuwa ndogo. Kabla hajakata, Bibi Lucia alikuwa ameshapiga kigelegele, na Enoka anasema "Mungu ni mwema" huku anafuta uso.

"Na Deo?" aliuliza Happiness.

"Deo ana mama yake," alisema Bibi Lucia.

Specioza akaketi kwenye mkono wa kochi. "Mama, sikilizeni. Hawakuibiana. Mimi ndiye niliyewafundisha kugawa kwa saba." Akawaeleza yote, ng'ombe wa Krismasi, vibanda vya Deo, mafungu. Alipomaliza, Bibi Lucia alikuwa amekunja uso.

"Lakini hiyo ndiyo sawa," alisema. "Asiyechanga atapewaje?"

"Mama, si nyama."

"Umesema ni nyama."

"Nilisema ni *kama* nyama."

"Sasa mtoto wa watu ajuaje ulipoachia nyama na ulipoanzia chuo kikuu?"

Enoka alisogea, akainama mbele ya mkewe kama anayemvalisha viatu. "Mama Ezekia, sikiliza. Ukienda kusema hivyo mbele ya kamati, mkataba ndio unaaga. Duka peke yake halitutoshi. Msimu huu watu wamekopa mbolea na mahindi yenyewe bado majani. Happy katoka. Wale wengine wana wazazi wao, watajitetea."

"Watajitetea na nini? Wanajua tu kwamba ni saba."

Happiness alikuwa amesimama mlangoni. "Ndiyo maana Ijumaa sikusema, wifi. Ningesemaje mbele ya mama kwamba wewe ndiye uliyenifundisha?"

"Ulikuwa tayari kufukuzwa ili unitunzie heshima?"

"Sikujua aliyekosea ni wewe au ni mimi."

"Wala mimi sijui vizuri," alisema Specioza, na wakatazamana kama watu wawili waliopotea njia moja.

Kwenye kamati alisimama, akasema. Alisema vibaya, alianza na nyama, akarudi kwenye kaya, akakwama. Mwenyekiti, mama mmoja aliyeletwa kutoka kampasi kuu, alimsikiliza hadi mwisho na kalamu ikiwa mdomoni.

"Somo hilo ulifundisha kwa lugha gani?"

"Siku ile, Kiswahili."

"Kanuni inasema lugha gani?"

"Kiingereza."

"Na huo mfano wa nyama uko ukurasa wa ngapi wa kitabu?"

Mtu akacheka. "Hauko," alisema Specioza. Masikio yalimchoma kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Kwa hiyo unataka tuamini kwamba zaidi ya nusu ya darasa walikosea kwa sababu walikuelewa?"

"Ndiyo."

Mjumbe mmoja wa utawala, Mkonongo wa makamo, akakohoa. "Ila mwenyekiti, kwa kweli, hata kwetu asiyechanga hapewi." Mwingine akasema kwao mjane hupewa hata bila kuchanga. Wa tatu akasema hiyo ni sadaka, si fungu. Sauti zikapanda, kwa kitambo kidogo kamati ya nidhamu ya chuo kikuu ilikuwa inagawa ng'ombe, na Dokta Erasmus ameshika kichwa. Mwenyekiti akagonga meza.

Uamuzi ulitoka mchana. Watano hawana hatia ya kuibia. Jaribio limefutwa, darasa zima watarudia. Mwalimu amepewa onyo la maandishi kuhusu lugha ya kufundishia, na suala la mkataba litaangaliwa wakati wake. Kwenye korido Dokta Erasmus alimpita bila kusimama. "Umejivua nguo barabarani, dada," alisema, akaenda zake.

Alidhani darasani atapokewa kwa shangwe. Waliopata kumi na nne walikuwa wamefura. "Sisi tulipata, madam! Kwa nini turudie?" alipiga kelele Gaudensi, kijana mrefu wa safu ya dirishani. Specioza akamwita mbele, akampa kalamu, akamwomba awaelekeze wenzake alivyofika kwenye kumi na nne.

Gaudensi aliutazama ubao mtupu. Akajikuna shingo. "Mimi nilibonyeza tu, madam. Niliingiza namba zote kama zilivyo, kikokotoo kikaleta."

"Na hizo kaya tatu?"

"Zipi?"

Darasa lilicheka, naye akacheka. Specioza hakucheka. Alisimama akiwatazama, waliopata bila kuelewa na walioelewa wakakosa, asijue aanze na wapi. Mwishowe akauliza, si lile swali lake la siku zote, ila jingine: "Nani anaweza kunionyesha pale alipopotelea?" Kisha Happiness, kule nyuma, akanyanyua mkono, akamtazama machoni.

Keshoye asubuhi Specioza alimsindikiza mkwewe kituoni kupanda gari la Mamba. Enoka alikuwa dukani. Bado alikuwa anaongea na mkewe kwa maneno ya kuhesabika. Bibi Lucia aliketi juu ya begi lake, gunia tupu kalikunja mapajani, mvua ya manyunyu ikiwalowesha wote wawili, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea chini ya bati.

"Huo mkataba," alisema Bibi Lucia. "Watakupa?"

"Sijui, mama."

"Na huo mtihani wa kurudia. Ni rahisi?"

"Si rahisi. Lile swali nimelitoa. Nimeweka magumu zaidi, ili wasiseme nimewabeba."

Mama yule akalibana lile gunia kwapani. Gari lilikuwa limewashwa, kondakta anaita watu. Akanyanyuka kwa shida, akamshika mkwewe mkono, akaubana kwa nguvu za mtu aliyelima mpunga maisha yake yote. "Mimi hesabu zenu sizielewi. Sijui kama umetuokoa au umetuharibia. Lakini yule ndiye wa mwisho wangu, na nimekuachia wewe. Niahidi atafaulu."

Specioza alifungua mdomo kusema ndiyo, kama mkwe yeyote angesema kituoni. Neno likakataa.

"Hilo siwezi kukuahidi, mama," alisema, akauweka mkono wake wa pili juu ya ule wa mkwewe. "Ila nakuahidi hili hapa, mbele ya watu hawa wote: akianguka, ataanguka kwa miguu yake mwenyewe, na mimi nitakuwa nimekaa naye chini pale pale alipopotelea. Sitamsukuma tena. Wala yeye, wala mtoto wa mtu mwingine."